Meza ya Fizikia: Maswali yenu kuhusu kaosi, kuanzia kikokotoo hadi sakiti

Toleo lililopita tuligusia kaosi: tabia ya mfumo unaofuata kanuni kamili, usio na bahati nasibu yoyote ndani yake, lakini ambao tofauti ndogo ya mwanzo hukua kwa kasi hadi utabiri unakwama. Barua zimemiminika. Tumechagua zile zinazouliza namna ya kufanya jambo lenyewe, na pale palipohitaji hesabu tumeiweka hesabu.

Shikamooni. Mliandika kwamba mwanafizikia Mitchell Feigenbaum aliipata namba 4.669 kwa kikokotoo cha mkononi. Iliwezekanaje? Na je, mimi naweza kuipata kwa kikokotoo changu cha shule?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi*

Marahaba. Unaweza, na jioni moja inatosha kupata tarakimu mbili au tatu za kuaminika.

Chukua mlinganyo wa lojistiki: x mpya = r × x × (1 − x), ambapo x iko kati ya 0 na 1. Unaweka x, unapata x mpya, unairudisha ndani, unaendelea. Kwa r iliyo chini kidogo ya 3, x hutulia kwenye thamani moja. Ukivuka 3, hurukaruka kati ya thamani mbili. Ukivuka 3.4495, zinakuwa nne, kwenye 3.5441 zinakuwa nane, kwenye 3.5644 kumi na sita. Kipindi kinajirudufu kila mara, na nafasi kati ya marudufu inazidi kubana hadi yote yanaishia kwenye r = 3.5699. Baada ya hapo ndipo kaosi inapoanza. Gawanya nafasi moja kwa inayoifuata, na kadiri unavyosonga mbele jibu linakaribia 4.6692016.

Wengi hukosea papo hapo mwanzoni, kwa kutafuta zile sehemu za kurudufuka kwa macho: wanaongeza r kidogo kidogo na kuangalia ni lini thamani moja inagawanyika. Karibu na sehemu hizo mfumo hutulia polepole mno. Kwenye r = 3 kamili, umbali kutoka thamani ya mwisho hupungua kwa kadiri ya moja gawanya kwa kipeuo cha pili (mzizi wa mraba) cha idadi ya hatua; yaani ukitaka umbali upungue mara 10, unahitaji hatua mara 100. Utazungusha mlinganyo mara elfu moja na bado hutajua kama ni thamani moja au mbili.

Tafuta badala yake r ambayo x = 0.5, yaani kilele cha mchoro, imo ndani ya mzunguko. Mzunguko wa namna hiyo hutulia haraka kuliko yote. Kwa kipindi cha 1, r ni 2. Kwa kipindi cha 2, anza na x = 0.5, piga hatua mbili, utake kurudi 0.5. Jaribu r = 3.2: hatua ya kwanza 0.8, ya pili 0.512. Umezidi kwa 0.012. Jaribu r = 3.25: hatua ya kwanza 0.8125, ya pili 0.49512. Umepungua kwa 0.00488. Vuta mstari mnyoofu kati ya majaribio hayo mawili na uone unakata sifuri wapi: 3.2 + 0.05 × 0.012 ÷ 0.01688, yaani 3.2355. Jibu kamili ni 3.2360680. Ukirudia mara moja au mbili zaidi utalifikia.

Kwa kipindi cha 4 piga hatua nne, kwa kipindi cha 8 piga nane. Utapata 3.4985617, kisha 3.5546409, 3.5666674 na 3.5692435. Sasa gawanya nafasi kwa nafasi: 4.709, 4.681, 4.663, 4.668. Umeiona inavyokuja?

Jihadhari na jambo moja. Mlinganyo wa hatua nne una majibu kadhaa. Lile la kipindi cha 2 nalo linakubalika humo, kwa kuwa anayerudi nyumbani kila baada ya hatua mbili anarudi pia baada ya nne. Liko na lingine huko mbali, 3.9603, ambalo halimo kabisa kwenye mfululizo huu. Ukianza na makisio mabaya utaangukia jibu lisilo lako na uwiano utatoka wa ajabu. Dawa ni kukisia r inayofuata hivi: chukua nafasi ya mwisho, igawe kwa 4.7, ijumlishe kwenye r ya mwisho.

Na hapo ndipo Feigenbaum alipoinasa. Mwaka 1975 alikuwa kwenye maabara ya Los Alamos, New Mexico, Marekani, akitumia HP-65, kikokotoo chenye nafasi ya maagizo 100 tu. Kilikuwa cha polepole kiasi kwamba ilimlazimu kukisia jibu linalofuata kabla hajaanza kulitafuta, ili asipoteze muda. Katika kukisia akaona nafasi zinapungua kwa uwiano uleule. Alitumia sehemu ya siku akijaribu kuihusisha 4.669 na namba zinazojulikana, asifanikiwe. Baadaye akajaribu mlinganyo mwingine kabisa, x mpya = r × sin(πx), akakuta namba ileile. Kwenye kompyuta kubwa ambayo ingemtupia majibu yote kwa sekunde moja, huenda asingekuwa na sababu ya kukisia chochote.

Ifanye hiyo ya sini pia, kikokotoo kikiwa kwenye radiani: r zako zitakuwa 0.5, 0.7777, 0.8464, 0.8615. Uwiano unaanza mbali, 4.05, kisha 4.56, halafu unasogea kulekule. Milinganyo yote yenye kilele cha duara la kawaida, yaani kile kinachofanana na kipeo cha pili kikitazamwa kwa karibu, inatoa 4.669. Ukitaka kujiridhisha kwamba umbo la kilele ndilo linaloamua, tumia x mpya = r × (1 − (2x − 1)⁴), ambacho kilele chake ni bapa zaidi: utapata karibu 7.28.

Ukihamia kwenye kompyuta, usijidanganye kwamba utaendelea bila kikomo. Namba za kawaida za kompyuta zina tarakimu 15 hadi 16. Nafasi kati ya r mbili hupungua karibu mara tano kila unaporudufu, na ukifika rudufu ya 20 nafasi yenyewe ni kama 0.0000000000002, kwa hiyo zimebaki tarakimu tatu tu za kugawanya. Simama karibu na ya 11 au 12.

Nimesoma kwamba mnaweza kutengeneza sakiti inayotoa kaosi kwa vifaa vya dukani. Naomba orodha ya vifaa na mambo ya kuangalia. Nina oskiloskopu ya zamani ya chaneli mbili.
*Fundi wa redio, Kisumu*

Fundi, unachokitafuta ni sakiti ya Chua. Leon Chua aliibuni mwaka 1983 akiwa mgeni katika Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, kwa makusudi kabisa: alitaka sakiti nyepesi kuliko zote inayoweza kutoa kaosi. Thamani tunazokupa zimetumika kwenye maabara nyingi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Koili ya 18 mH na kapasita ya 100 nF zinaungwa sambamba, upande mmoja ukiwa ardhini. Upande wa juu uite sehemu ya pili. Kapasita ya 10 nF inakaa kati ya ardhi na sehemu ya kwanza. Kati ya sehemu ya kwanza na ya pili unaweka rezista ya kurekebisha, na hiyo ndiyo usukani wako. Kilichobaki ni kifaa chenye ukinzani hasi, kinachoungwa kati ya sehemu ya kwanza na ardhi, na unakitengeneza kwa aisii moja ya TL082 yenye ampu mbili ndani.

Kwa ampu ya kwanza, mguu wa chanya (namba 3) unaenda sehemu ya kwanza. Kutoka mguu wa kutokea (namba 1) weka 220 Ω kurudi mguu wa 3, na 220 Ω nyingine kwenda mguu wa hasi (namba 2). Kutoka mguu wa 2 weka 2.2 kΩ hadi ardhini. Ampu ya pili ni vilevile kwa miguu ya 5, 7 na 6, ila thamani ni 22 kΩ, 22 kΩ na 3.3 kΩ. Umeme ni betri mbili za volti 9: chanya ya moja kwenye mguu wa 8, hasi ya nyingine kwenye mguu wa 4, na pale betri zinapokutana ndipo ardhi. Sakiti nyingi "zilizokufa" tatizo lake ni waya huo wa katikati kutofika ardhini.

Kinachotokea ni hiki. Volti zikiwa ndogo, ampu zote mbili zinasukuma umeme ndani ya sakiti. Zikizidi karibu volti 1, ampu ya pili inafika ukomo wake na kuacha kusukuma. Inabaki ya kwanza, kwa nguvu ndogo zaidi. Mstari wa ukinzani unavunjika mahali hapo, na mvunjiko huo ndio unaoizuia sakiti kuwa ya mstari mnyoofu. Bila huo ungepata wimbi la kawaida tu.

Kwa rezista ya kurekebisha usiweke potenshometa moja ya 2 kΩ ya kuzungusha robo tatu ya duara. Mabadiliko yote matamu yamo katika omu mia mbili tatu hivi, na kidole kitayaruka. Weka 1.5 kΩ ya kudumu ikifuatana na potenshometa ya 500 Ω, ikiwezekana ile ya mizunguko mingi. Weka oskiloskopu kwenye X-Y, chaneli moja sehemu ya kwanza, nyingine sehemu ya pili. Anza na ukinzani wote, 2 kΩ, kisha punguza taratibu: nukta, kisha kitanzi kimoja, kisha kitanzi kinachojizungusha mara mbili kabla ya kufunga, kisha mara nne ukiwa na mkono mtulivu, halafu ukanda mnene upande mmoja, na karibu na 1.8 kΩ ukanda unavuka upande wa pili na kurudi bila mpangilio unaojirudia. Hicho ndicho kivutio, yaani umbo ambalo mfumo huishia kulizunguka, na hiki kina mizunguko miwili.

Sasa makosa. Koili ndiyo mwizi mkuu. Ipime kwa multimita: ukinzani wa waya wake ukiwa kama omu 12 ni mzuri, ukiwa makumi mengi, nguvu inapotea ndani ya koili na mfululizo unahama au unatoweka. Kapasita za seramiki za bei ya chini hubadilika thamani kulingana na volti, kwa hiyo tumia za poliesta zilizoandikwa 103J na 104J. Herufi J maana yake hitilafu haizidi asilimia 5. Usitumie LM358, kwani pato lake halifiki karibu na volti ya juu kama linavyofika ya chini, na kivutio kitaegemea upande mmoja. TL072 inafaa. Betri moja ikichoka kabla ya nyingine utaona kuegemea kulekule. Na ukiona kitanzi kikubwa kinachojaza skrini na hakibadiliki hata ukizungusha potenshometa, ampu zote mbili zimegonga ukomo: zima, ongeza ukinzani, washa upya.

Ukikosa koili, itengeneze kwa TL082 ya pili kwa mpangilio wa Antoniou: mnyororo wa 100 Ω, 1 kΩ, 1 kΩ, kapasita ya 100 nF, na 1.8 kΩ hadi ardhini. Thamani yake ni kapasita mara rezista ya kwanza, ya tatu na ya mwisho, gawanya kwa ya pili: 18 mH kamili. Ina faida nyingine, kwamba haina ukinzani mkubwa wa waya.

Sina oskiloskopu. Kompyuta itatosha?
*Msomaji wa Bukoba*

Kwa sakiti ile ya fundi wa Kisumu, ndiyo, kwa sababu mtetemo wake ni wa takribani kilohezi 3, ndani kabisa ya uwezo wa kadi ya sauti. Tumia tundu la kuingizia sauti la stirio, si la maikrofoni. Gawanya volti kwanza kwa rezista ya 100 kΩ na 10 kΩ kila chaneli, la sivyo utaunguza kadi au utakata vichwa vya mawimbi.

Kompyuta yako ikiwa na tundu la maikrofoni tu, lenye chaneli moja, rekodi sehemu ya kwanza peke yake kisha chora kila sampuli dhidi ya sampuli iliyotangulia kwa nafasi nne. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, nafasi nne ni mikrosekunde 90 hivi, karibu robo ya mtetemo mmoja. Umbo la kivutio litajitokeza. Kadi ya sauti ina kapasita ya kuzuia volti tuli, kwa hiyo sakiti ikikaa muda mrefu upande mmoja, picha itateleza kuelekea katikati. Huo ni mchezo wa kadi, sakiti haina kosa.

Tunafanya mradi wa mlinganyo wa Lorenz. Programu yangu na ya mwenzangu zinaanza na namba zilezile lakini baada ya muda zinatofautiana kabisa. Msimamizi anasema mmoja wetu amekosea. Nani?
*Mwanafunzi wa uhandisi, Dodoma*

Inawezekana hakuna aliyekosea, na msimamizi wenu anaweza kuridhika mkimwonyesha vipimo sahihi.

Edward Lorenz alikutana na jambo hili katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1961. Alichukua 0.506 kutoka kwenye karatasi iliyochapishwa, wakati kompyuta yake ilikuwa na 0.506127 ndani, na hali ya hewa ya mfano wake ikaenda njia nyingine. Nyinyi hamjakata tarakimu tatu, ila mnakata ya kumi na sita kila hatua. Kompyuta mbili zinaweza kujumlisha kwa mpangilio tofauti, na (a + b) + c si lazima iwe sawa na a + (b + c) tarakimu ya mwisho inapokatwa. Jaribuni wenyewe kwa mlinganyo wa lojistiki wenye r = 4: mmoja aandike 4x(1 − x), mwingine 4x − 4x². Kwenye karatasi ni kitu kimoja. Karibu na hatua ya 50 majibu hayatafanana hata tarakimu ya kwanza.

Kwa mfumo wa kawaida wa Lorenz, wenye namba tatu x, y na z na vigezo 10, 28 na 8/3, kosa hukua kwa kipeo cha Lyapunov (kipimo cha kasi ya njia mbili jirani kuachana) cha 0.906. Kosa la tarakimu ya 16 linahitaji muda wa kama 40 kufika ukubwa wa kivutio chenyewe. Mkitumia Runge-Kutta ya daraja la nne (njia ya kukokotoa mlinganyo hatua kwa hatua) kwa hatua ya 0.01, kosa la njia ni kubwa kuliko la kukata tarakimu, na mtaachana mapema zaidi. Tofauti ikitokea kwenye muda wa 20 au 30, ni halali. Ikitokea kwenye muda wa 2, mmoja ana kosa la kuandika.

Kwa hiyo msilinganishe x kwa x. Linganisheni hivi: wastani wa z kwa muda mrefu uwe karibu 23.5. Ukianza kwenye x = y = 8.485281 na z = 27, mfumo ukae palepale kwa muda mrefu kabla ya kuondoka. Mkikokotoa vipeo vyote vitatu vya Lyapunov, jumla yake lazima iwe −13.667, yaani hasi ya 10 + 1 + 8/3, bila kujali kingine chochote. Kipimo hiki cha mwisho ni cha lazima, lakini hakitoshi peke yake, kwa sababu jumla hiyo haibadiliki hata mkikosea kuandika ile 28.

Kuna mtego mwingine wa kompyuta unaofaa kuujua. Mlinganyo wa "zidisha kwa 2, ondoa sehemu nzima" ni wa kaosi kamili kwenye karatasi, lakini anza na 0.1 kwenye kompyuta na baada ya hatua kama 55 utapata sifuri, milele. Kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa mbili, na kuzidisha kwa 2 ni kusogeza tarakimu tu, zikiisha, zimeisha. Tumia 1.999999 badala ya 2.

Kama kaosi inazuia utabiri wa hali ya hewa kupita wiki mbili, mbona mamlaka hutoa utabiri wa mvua za vuli miezi kabla?
*Mkulima, Muheza*

Kwa sababu ni vitu viwili tofauti. Kusema kama itanyesha Muheza tarehe fulani mwezi ujao, hapana, haiwezekani. Kusema kama msimu mzima una uelekeo wa kuzidi au kupungua wastani kunategemea joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na bahari hubadilika polepole, kwa miezi. Vuli imefungamana na bahari hizo kwa nguvu kuliko masika, na ndiyo maana utabiri wa vuli kwa kawaida ni wa kuaminika zaidi. Soma asilimia zinazotolewa, usisome neno "juu ya wastani" peke yake. Hata utabiri wa siku chache hutolewa hivyo siku hizi: kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati huendesha mifano 51 yenye mianzo iliyotofautishwa kidogo, na kuangalia jinsi inavyotawanyika.

Namaliza shahada ya kwanza ya fizikia. Ninataka kuwa mtafiti wa kaosi. Nianzie wapi, na kazi yenyewe inaonekanaje?
*Msomaji wa Bujumbura*

Ndugu yetu, tuanze na kazi ya Feigenbaum kwa sababu inaonyesha mambo yasiyosemwa. Shahada yake ya uzamivu, MIT 1970, ilikuwa ya chembe za msingi. Miaka minne iliyofuata, Cornell na kisha Virginia, alichapisha kidogo sana. Aliajiriwa Los Alamos mwaka 1974, na mwaka uliofuata ndipo namba ikaja. Makala yake ilikataliwa kabla ya kuchapishwa mwaka 1978. Maabara zikaja baadaye: Albert Libchaber na Jean Maurer, Paris, waliona vipindi vikijirudufu ndani ya kijisanduku cha heliamu kimiminika kilichopashwa moto kwa chini. Mwaka 1982, Libchaber na wenzake walipima kwa zebaki wakapata uwiano wa karibu 4.4. Haukufika 4.669 kwa sababu maabara inaona marudufu machache ya mwanzo tu. Yanayofuata yanamezwa na kelele. Mwaka huohuo Oscar Lanford alitoa uthibitisho wa kihisabati akisaidiwa na kompyuta. Feigenbaum na Libchaber waligawana tuzo ya Wolf mwaka 1986. Feigenbaum baadaye akafanya kazi ya kuchora ramani za atlasi, na alifariki mwaka 2019.

Leo hakuna anayeajiriwa kutafiti "kaosi" kwa jina hilo. Utachagua mfumo: leza, mtiririko wa maji, misuli ya moyo, mtandao wa umeme, tabianchi. Kaosi ni zana utakayoibeba. Kwa hiyo unapomwandikia msimamizi, usimwambie unapenda kaosi. Mwambie mfumo gani, unataka kupima nini, na umeshafanya nini.

Hicho ulichofanya ndicho kitakachokutofautisha. Tengeneza sakiti tuliyoieleza hapo juu, rekodi volti kwa thamani 50 za ukinzani, chora mchoro wa matawi (thamani ambazo volti inafikia, dhidi ya ukinzani), kadiria uwiano wa marudufu mawili au matatu ya mwanzo pamoja na kiwango cha hitilafu, kisha eleza kwa nini hukupata 4.669. Ukieleza vizuri hiyo sentensi ya mwisho kwa kurasa nne, umeonyesha unaweza utafiti. Katika masomo, zingatia milinganyo ya tofauti, aljebra ya mstari, takwimu, na programu. Takwimu wengi huiruka kisha wanaijutia.

Kwa mlango wa shule: kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichopo Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964, kina Diploma ya mwaka mmoja kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, yenye ufadhili. Mshirika wake wa Afrika Mashariki, taasisi ya utafiti ya EAIFR, yuko Kigali ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, nao wapo Kigali. Angalia masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma, hasa barua za walimu, maana mwalimu anayekujua kwa kazi ya mikono yako huandika barua yenye uzito kuliko profesa mkubwa anayekukumbuka kwa jina.

Nina bei za kubadilisha dola kwa shilingi za kila siku, miaka kumi. Programu niliyoipata mtandaoni inasema kipeo cha Lyapunov ni chanya. Je, nimegundua kaosi kwenye soko la fedha?
*Msomaji wa Nairobi*

Bado. Programu hizo hutoa kipeo chanya hata ukizipa kelele tupu, kwa sababu kelele nayo hutenganisha pointi zilizo jirani. Zilitengenezwa kwa mtu ambaye tayari anajua mfumo wake ni wa kaosi na anataka kuupima tu.

Miaka kumi ya siku za kazi ni kama pointi 2,500. Eckmann na Ruelle walionyesha mwaka 1992 kwamba kwa pointi N, ukikadiria idadi ya vipimo (dimensheni) vya kivutio huwezi kupata jibu la kuaminika zaidi ya mara mbili ya logarithimu ya N kwa msingi wa 10. Kwa 2,500 ni 6.8. Ukipata 6 au 7, jibu hilo linatokana na uchache wa data, halisemi lolote kuhusu soko.

Fanya hivi. Tumia mabadiliko ya logarithimu ya siku hadi siku, si bei yenyewe, kwa kuwa bei hupanda na kushuka kwa mielekeo mirefu inayojifanya mpangilio. Igawe miaka kumi vipande viwili na uangalie kama vinafanana kwa wastani na mtawanyiko. Visipofanana, huna mfumo mmoja wa kupima. Unapotafuta majirani, kataza pointi zilizokaribiana kwa wakati, la sivyo utakuwa unapima tu kwamba leo inafanana na jana. Kisha tengeneza data bandia 39: chukua data yako, ifanyie mageuzi ya Fourier (kuigawa katika mawimbi ya masafa mbalimbali), changanya ovyo awamu za mawimbi hayo, irudishe. Data hizo zina spektra ileile lakini hazina kanuni iliyojificha. Zipitishe zote kwenye programu ileile. Kipeo cha data halisi kikiangukia katikati ya vile 39, programu haijaona chochote. Kikiwa nje ya vyote, juu au chini, una ushahidi wa asilimia 95 kwamba data yako si kelele ya mstari mnyoofu, jambo ambalo bado halijawa kaosi: mtawanyiko unaobadilika kwa vipindi, siku za utulivu zikifuatwa na siku za msukosuko, unatosha kuleta matokeo hayohayo. Tutumie grafu ya hizo 39 pamoja na yako, kila moja ikiwa na mipangilio uliyotumia, tuiangalie kwa toleo lijalo.